Binti Mwenye Fimbo: Tusiwanyang'anye Wasichana Riwaya Zao



Likizo ya mwezi wa 6 nilikuwa nyumbani Mungaa, tukipura alizeti. Jioni moja mama aliniita jikoni, akarudishia mlango, akatoa kitabu kinene kilichokuwa nyuma ya gunia la mtama na kuniwekea mapajani.

"Frateri," akasema. Mama huniita hivyo akiwa na jambo zito. Siku nyingine huniita baba. "Hebu ona mdogo wako anachosoma. Anakesha nacho kwa tochi ya simu, na mtihani wa kidato cha 4 unakuja. Wewe ndiye mtu wa Kanisa. Sema naye."

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, mwandishi wa Marekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Kilitoka mwaka 2018 na kina kurasa zaidi ya 500. Nilikifungua katikati. Macho yangu yakakutana na uchawi, majina ya miungu, damu na mahaba. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilimwita mdogo wangu, nikamwambia kitabu hiki nitakaa nacho mpaka amalize mtihani.

Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, wewe ulipokuwa kidato cha 4 ulikuwa unasoma Willy Gamba. Nani alikunyang'anya?"

Sikuwa na jibu. Wenzangu wengi wanaosoma gazeti hili wanamjua Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Ana bastola, anaua, na wanawake hupita maishani mwake kama abiria kituoni. Sisi wavulana tulizisoma riwaya hizo mpaka zikatoka majalada. Hakuna aliyetuambia zitatuharibu. Mvulana akisoma habari za mwanaume mwenye silaha, tunasema anapenda kusoma. Msichana akisoma habari za msichana mwenye silaha, tunaita frateri.

Usiku ule nilianza kukisoma kitabu kile, kwa nia ya kutafuta makosa. Nilikimaliza siku ya tano. Ninachoandika hapa ndicho nilichojifunza: tunaogopa kisichostahili kuogopwa, na kinachostahili tunakiacha kipite.

Kitabu chenyewe

Msichana huyo anaitwa Zélie. Anaishi katika nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, ambako zamani kulikuwa na watu wenye nguvu za ajabu. Nguvu hizo zilitoweka, na mfalme Saran akaitumia nafasi hiyo kuwaua waliokuwa nazo, mama yake Zélie akiwa mmoja wao. Watoto waliobaki wanatambulika kwa nywele zao nyeupe. Wanadharauliwa, wanatozwa kodi wasizozimudu, na wanaoshindwa kulipa wanafanywa watumwa.

Mwanzoni mwa riwaya yumo bibi mmoja, Mama Agba, ambaye huwafundisha wasichana kupigana kwa fimbo ndani ya kibanda chake. Askari wanapokuja, fimbo zinafichwa na wasichana wote wanashika sindano na nguo, kana kwamba siku nzima walikuwa wakishona. Hapo nilicheka peke yangu. Sisi tuliokulia katika vijiji vya Singida tunaijua fimbo. Ni ya mchungaji, ni ya mzee, ni ya kijana anayepita porini usiku. Sikuwahi kuona mtu akimfundisha msichana namna ya kuishika.

Katika darasa la falsafa tunasoma Jamhuri ya Plato. Katika kitabu cha 5 anasema wanawake wenye uwezo wafunzwe kazi ya ulinzi wa mji kama wanaume, pamoja na vita. Katika kitabu cha 10 anawafukuza washairi mjini kwa sababu hadithi zao zinachochea hisia na kudanganya. Plato angekuwa jirani yetu Mungaa, angempa mdogo wangu fimbo, halafu angemnyang'anya kitabu. Mimi nilikuwa mbaya kuliko Plato, maana nilimnyang'anya kitabu na fimbo sikumpa.

Hofu ya uchawi

Nianze na hofu ya mama, kwa sababu si ya kijinga. Uchawi kwetu si mchezo wa watoto. Katika Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, bibi vizee wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Mzazi Mkristo akiona binti yake anasoma habari za mizimu na miungu ya Wayoruba, ana haki ya kuuliza.

Lakini hebu tuangalie hadithi inamweka msomaji upande gani. Mfalme ndiye anayewawinda watu kwa sababu ya alama ya miilini mwao, akisema ni hatari kwa nchi. Zélie ni mtoto wa aliyewindwa. Msichana aliyekaa upande wa Zélie kwa kurasa 500 atakuwa na swali siku kijiji kitakaponyoosha kidole kwa bibi mwenye macho mekundu. Mahubiri mangapi yamefanikiwa kupanda swali hilo?

Kuhusu miungu, nilimuuliza mdogo wangu waziwazi kama anaiamini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama sungura huongea. "Kaka, Nasadiki ninaijua. Hii ni hadithi." Sungura na fisi wamezungumza katika ngano za bibi zetu miaka yote, na hakuna mtoto aliyepotea kwa sababu hiyo. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki aliyeshika imani yake hadi mwisho, aliandika dunia nzima yenye wachawi na majitu. Humo akamweka Éowyn, binti anayevaa kiume, anakwenda vitani kwa siri na kumuua adui aliyejisifu kuwa hakuna mwanaume atakayemweza.

Na tunasahau upesi. Tarehe 17 Julai 2024, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alisikitika kwamba katika malezi ya wanaoandaliwa kwa upadre, fasihi mara nyingi huonekana burudani tu, isiyo ya lazima. Alikumbuka pia alivyofundisha fasihi huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Wanafunzi hawakukitaka kitabu kilichopangwa, walitaka kingine cha zama zao, naye akawaacha waanze na hicho. Barua hiyo nilikuwa nimeisoma. Bado nilinyang'anya kitabu.

Hofu iliyo ya kweli

Sasa nije kwenye kinachostahili kuogopwa, nacho ni mapenzi yaliyomo katika riwaya hizi. Sizungumzii busu. Nazungumzia yule anayepewa msichana kuwa mpenzi.

Riwaya nyingi za njozi na mapenzi zinazosomwa duniani leo zina kanuni moja: adui anageuka mpenzi. Anamwinda, anamtishia, anamdhalilisha, na hapo hapo moyo wa msichana unaanza kumdundia. Simulizi zetu za kwenye simu, zile zinazouzwa sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, zimejaa kanuni hiyo. Binti anaanza na upanga mkononi. Katika sehemu ya 3 mwanaume anampiga kibao. Katika sehemu ya 20 binti huyo analia mlangoni kwa mwanaume yule yule, na upanga haujulikani ulikokwenda.

Jambo hili lina matunda. Mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimsubiri mdogo wangu njiani kila jioni atokapo shule. Alimkataa. Akaendelea kusubiri. Alibadilisha njia, naye akabadilisha. Wasichana wenzake wakamwambia: "Huyo anakupenda kweli, si unaona hachoki?" Maneno hayo hawakuyapata kwenye katekisimu, wala kwa mama zao. Ni hadithi ndizo zilizowafundisha kwamba mtu asiyesikia neno "hapana" ni mtu mwenye mapenzi makubwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema. Kiswahili chetu kimeiweka falsafa hiyo mahali ambapo hata mtoto anaweza kuiona. Kuna kumtaka mtu, na kuna kumtakia mtu. Tofauti ni irabu moja tu. Anayemtaka msichana anajitafutia yeye mwenyewe. Anayemtakia, anatafuta yaliyo mema kwa msichana, hata kama mema hayo ni kumwacha aende shule. Simba naye humtaka swala.

Nilikipima kitabu cha mdogo wangu kwa kipimo hicho. Zélie anampenda Inan, mtoto wa mfalme aliyemuua mama yake. Inan ndiye aliyewaongoza askari waliokiteketeza kijiji chao. Hapa ninamlaumu mwandishi: mapenzi yanakuja upesi mno, majivu ya nyumba hayajapoa. Ila yeye hafichi gharama yake. Inan anayumba kati ya msichana na kiti cha enzi, na mwishoni anarudi upande wa baba yake. Msomaji anayetaka kujua kama Inan alimtakia mema Zélie au alimtaka tu, jibu analipata, na linauma. Nilipomuuliza mdogo wangu kuhusu Inan alisema, "Nilimpenda sana mpaka nikamchukia." Kisha akaongeza, bila mimi kumgusia, "Kama yule wa bodaboda. Watu wanasema anapenda. Anapenda nini?"

Ningechoma kitabu kile siku ya kwanza, mazungumzo hayo yasingetokea. Angekutana na kanuni ya adui na mpenzi mahali pengine, kwenye simu, gizani, peke yake.

Riwaya iliyomo katika Biblia yetu

Wapo watakaosema mashujaa wa kike ni mambo ya kuiga kutoka nje. Ndugu zangu, sisi Wakatoliki ndio wa mwisho kusema hivyo. Biblia yetu ina Kitabu cha Yudithi, ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawanacho katika orodha yao.

Wataalamu wengi wa Maandiko wanakiona kuwa hadithi iliyotungwa ili kufundisha, na mwandishi mwenyewe anatuonyesha hivyo mapema. Katika mstari wa kwanza kabisa anamwita Nebukadneza mfalme wa Waashuru huko Ninawi. Historia inamjua Nebukadneza kuwa mfalme wa Babeli, na Ninawi ilikuwa imeshaangushwa kabla hajaketi kwenye kiti cha enzi. Kanisa lilijua, na bado likakiweka mikononi mwetu.

Yudithi ni mjane. Mji wake wa Betulia umezingirwa, maji yamekatwa, na wazee wameahidi kuusalimisha baada ya siku tano kama Mungu hajawasaidia. Anawaita wazee hao na kuwakemea kwa kumwekea Mungu tarehe. Anavua nguo za msiba, anajipamba, anakwenda na mjakazi wake hadi kambi ya Holoferne. Jemadari anamtaka. Anaandaa karamu, analewa, analala. Yudithi anachukua upanga wa jemadari mwenyewe na kumkata kichwa kwa mapigo mawili. Kichwa kinarudi mjini katika mfuko wa chakula.

Hadithi hii si nyepesi. Yudithi anadanganya, na walimu wa maadili wameumiza vichwa kwa ajili yake. Hata hivyo, sifa alizopewa Kanisa limezichukua na kumwimbia Bikira Maria katika liturujia. Tena tazama mwisho wake. Wanaume wengi walitaka kumuoa, naye hakuolewa tena hadi alipofariki akiwa na miaka 105. Kabla ya kufa alimwacha huru mjakazi wake (Yud 16:22-23). Mwandishi hakuona haja ya kumpa mume ili hadithi ikamilike. Holoferne alimtaka, watu wa Betulia walimtakia mema, Yudithi alijua kutofautisha.

Siyo kwamba kila shujaa wa kike abaki bila mume. Ndoa ni sakramenti, na sisi tunaojiandaa kwa useja tusiidharau. Ninasema tu kwamba mapenzi katika hadithi yapimwe kwa jambo hili: yakishaingia, msichana anabaki mtu mzima, mwenye neno lake, au anageuka zawadi ya mshindi?

Liti wetu

Sasa nirudi nyumbani. Mkazi yeyote wa Singida anaujua Uwanja wa Liti. Zamani ukiitwa Namfua. Ligi Kuu ikiwa mjini, vijana wanajaa humo na kupiga kelele, na jina la Liti linatangazwa redioni nchi nzima. Ukiwauliza vijana hao Liti ni nani, wengi watakuambia ni uwanja.

Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee husimulia kwamba wageni walikuja na bunduki, naye akawajibu kwa nyuki. Singida ni nchi ya asali hadi leo. Mizinga inaning'inia mitini hadi Mungaa kwetu. Mwanamke anayeamuru nyuki dhidi ya bunduki: mwandishi gani wa njozi angebuni jambo la kupendeza kuliko hilo? Adeyemi alilazimika kuunda nchi ya Orïsha. Sisi tumezaliwa ndani ya hadithi, halafu tukaiita uwanja wa mpira.

Kinjeketile wa Majimaji alipata tamthilia ya Ebrahim Hussein mwaka 1969, na wanafunzi wanaisoma mpaka leo. Ng'wanamalundi wa Usukuma ana tamthilia ya Emmanuel Mbogo. Katika maktaba ya seminari yetu nilizikuta zote mbili. Riwaya ya Liti sikuikuta. Mdogo wangu amejifunza majina ya vijiji vya nchi isiyokuwepo, na jirani yake aliyepigana kweli hana kurasa hata 10 za kumpa. Kisha tunamlaumu kwa kusoma vya wageni.

Kazi hii inaweza kutoka katika nyumba zetu za malezi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma seminari ya Rubya. Hakufika kwenye upadre, akarudi kisiwani na kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza mwaka 1945 na ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni riwaya ya mapenzi. Bugonoka hazai, ndugu wa mume wanamsimanga, baba yake anakuja kumchukua. Myombekere anamfuata ukweni, anakubali masharti ya mkwe, anatengeneza pombe ya ndizi aliyoagizwa, anamrudisha mkewe. Hakuna upanga hata mmoja, lakini kumtakia mtu mema kumeonyeshwa pale kuliko katika simulizi zote za simu nilizozisoma.

Kwa hiyo ninawaomba mafrateri wenzangu wanaokwenda likizo mambo matatu. Ukiitwa na mama jikoni na kupewa kitabu, kisome kwanza. Ukishakisoma, kaa na mwenye kitabu, muulize swali la irabu moja: huyu anamtaka, au anamtakia? Na yule miongoni mwetu mwenye kipaji cha kuandika, aende kwa wazee wa Ikungi na vijiji vya jirani wangali hai, awasikilize habari za Liti, kisha aandike. Ampe Liti ujasiri wake, nyuki wake, imani ya watu wake, na kama atampa mpenzi, basi awe wa kumtakia.

Kitabu nilikirudisha kwa mwenyewe. Tulikubaliana na mama kwamba mpaka mtihani uishe atakisoma Jumamosi na Jumapili tu, maana hofu ya mtihani ilikuwa halali na mdogo wangu aliikubali. Jioni nilimsimulia mama habari za Mama Agba na wasichana waliojifanya wanashona. Aliacha kupepeta alizeti, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nilipoaga kurudi seminari, mama alinisindikiza hadi barabarani. Nilidhani atanikumbusha kusali. Aliuliza yule mfalme muuaji aliishia wapi. Nikamwambia, amuulize mwenye kitabu.